Kusaga kioo cha darubini kwa mikono: mwongozo kwa wanaouliza kuhusu vioo vya eksirei

Maswali ni yale yale. Mwanafunzi wa S.5 (kidato cha tano) kutoka Jinja, Uganda, anauliza kama anaweza kutengeneza kioo cha darubini ya eksirei, ile inayobebwa na setilaiti kutazama eksirei za angani, kwao nyumbani. Mwalimu wa fizikia kutoka Mbale anataka kujua kama kioo cha dirisha kinafaa. Mwingine yuko Arua, amekwisha nunua msasa wa karatasi, anauliza aanze na namba ngapi. Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja.

Swali la kwanza jibu lake ni hapana. Kioo cha eksirei hutengenezwa ndani ya chumba kisicho na vumbi, kwa mashine na vipimo ambavyo sisi hatuna. Lakini kazi yenyewe, yaani kusaga, kung'arisha, kupima, kurekebisha na kupima tena, unaweza kujifunza kwa mikono yako mwenyewe kwa kutengeneza kioo cha darubini ya kawaida, ile ya mwanga. Nawaomba vijana wote wanaoota kufanya kazi ya setilaiti waanzie hapa. Aliyesaga kioo kimoja hadi mwisho haambiwi maana ya uso laini, anaijua.

Tutatengeneza kioo mbonyeo chenye kipenyo cha milimita 150 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi mahali mwanga unapokusanyika) wa milimita 1300. Nimechagua vipimo hivyo kwa makusudi. Kioo cha namna hii kikiwa na umbo la tufe tu kinaona vizuri, huna haja ya kukipa umbo la parabola, mkunjo wenye kina zaidi kidogo katikati kuliko tufe, kazi inayowashinda wengi wanaoanza. Na umbo la tufe huja lenyewe: nyuso mbili zikisuguana kila upande bila kupendelea, haziwezi kuishia na umbo jingine ila tufe au bapa. Ukifupisha fokasi chini ya milimita 1200, tufe halitoshi tena.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Kioo cha mviringo, kipenyo milimita 150, unene milimita 19 au zaidi. Mafundi wa vioo wa Kampala wana mabaki ya vioo vinene vya meza na kaunta. Wanaokata granaiti za jikoni wanaweza kukuzungushia duara, kwa sababu mashine zao hukata kwa maji. Usichukue kioo kilichoimarishwa kwa moto, kama cha milango ya maduka: kina mkazo ndani na kinaweza kupasuka vipande vipande mikononi mwako. Kioo cha dirisha nacho ni chembamba, hujikunja kwa uzito wake mwenyewe.
- Jasi ya dari (POP), vipande vya vigae vya sakafuni, na gundi ya epoksi.
- Unga wa silikoni kabaidi (namba ikiwa kubwa, unga ni laini zaidi): namba 80 nusu kilo, kisha 120, 220, 320 na 500, gramu 100 hadi 200 kila mmoja. Baada ya hapo unga wa aluminiamu oksaidi wa mikroni 12 na mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), gramu 50 kila mmoja. Waulize wanaong'arisha mawe. Wasipokuwa nao, agiza. Msasa wa karatasi hautakusaidia.
- Seriamu oksaidi, gramu 100. Ndiyo wanayoondolea mikwaruzo kwenye vioo vya mbele vya magari.
- Lami ya kung'arishia, inayotokana na utomvu wa msonobari, gramu 300. Si lami ya barabara.
- Jiwe la kunolea, rula ya chuma iliyonyooka, na fila geji, ile wanayopimia vali mafundi wa boda boda.
- Pipa la lita 200, mabeseni mawili, ndoo, brashi, sabuni, magazeti mengi.
- Nyembe tatu, taa ndogo ya LED na betri yake. Umeme ukikatika kazi haisimami.

Unga wa kusagia haushikwi ukiwa mkavu ndani ya nyumba. Vumbi lake ni adui wa mapafu. Funga pua na mdomo unapoumimina, na ukishalowa mambo ni salama. Maji machafu usiyamwage kwenye sinki, yataganda ndani ya bomba. Yaache yatulie kwenye ndoo, mwaga maji ya juu nje, tope lifunge kwenye mfuko utupe.

Hatua za kazi

1. Simamisha pipa. Lijaze maji ili lisitikisike, uliweke mahali unapoweza kulizunguka pande zote. Juu yake weka ubao mnene, na kwenye ubao pigilia vishikizo vitatu vya mbao vya kushika kisagio, yaani sahani ya kusagia tutakayoitengeneza hatua ya 3. Unazunguka pipa ukifanya kazi, na ule mzunguko ndio unaokupa tufe. Anayekaa kitako mezani akisukuma upande mmoja anatengeneza kioo kilichopinda.

2. Kata ukali wa ukingo. Kwa jiwe la kunolea na maji, saga ukingo wa kioo kwa mshazari hadi upana wa milimita 2 au 3. Ukingo mkali hubanduka vibanzi, na kibanzi kimoja kikiingia katikati kinachora mfereji uso mzima. Kila mshazari unapokonda, urudishie.

3. Tengeneza kisagio. Paka kioo vaselini, kizungushie ukuta wa karatasi ngumu, mimina jasi unene wa sentimita 3 hivi. Likishakauka kabisa (lipe siku kadhaa, zaidi wakati wa mvua), lipake epoksi lisinywe maji, kisha gandisha vigae juu yake ukiacha nafasi ndogo kati ya kigae na kigae. Katikati kabisa ya kisagio pasiwe katikati ya kigae.

4. Chimba mbonyeo kwa namba 80. Kisagio chini, kioo juu. Nyunyiza nusu kijiko cha unga na maji kidogo. Sukuma kioo ili kitovu chake kipite juu ya ukingo wa kisagio, mkono ukikandamiza kwa nguvu. Baada ya misukumo kama kumi, geuza kioo kidogo kwenda upande mmoja, na wewe piga hatua kuzunguka pipa kwenda upande wa pili. Mwanzoni unasikia mkwaruzo mkali. Ukififia na kuwa mvumo mzito, unga umekwisha meno. Futa, weka mwingine.

   Pima mara kwa mara. Rula juu ya kioo, fila geji chini yake katikati. Kina tunachotaka ni kama milimita 1 tu. Watu hawaamini kwamba kioo cha darubini kina shimo dogo hivyo, wanaendelea kuchimba. Simama hapo. Kazi hii inaweza kula saa nne hadi nane, kutegemea nguvu zako.

5. Rudisha tufe, bado kwa namba 80. Sasa kitovu cha kioo kipite juu ya kitovu cha kisagio, na urefu wa msukumo uwe theluthi moja ya kipenyo, kwa kuchezesha mkono kulia na kushoto kidogo. Endelea hadi viputo vya maji kati ya kioo na kisagio vienee sawa. Kisha chora mistari ya penseli uso mzima, saga dakika moja. Mistari ikifutika kote kwa pamoja, tufe limepatikana. Ikibaki katikati, hujamaliza.

   Unaweza sasa kukadiria fokasi kwa jua. Lowesha kioo, rudisha mwanga wa jua ukutani, sogea hadi doa liwe dogo kabisa, pima umbali. Hapa kwetu jua la mchana liko juu ya utosi, kwa hiyo fanya mnamo saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni. Usitie jicho kwenye njia ya mwanga huo hata kidogo, na usikiache kioo juani. Kinaunguza. Kati ya milimita 1250 na 1400, endelea mbele.

6. Saga laini. 120, 220, 320, 500, mikroni 12, mikroni 5. Kila unga kazi yake ni kufuta mashimo ya unga uliotangulia, na saa moja au zaidi kwa kila mmoja ni kawaida. Kagua kwa lenzi ya kukuzia, ukiwa umesimama penye mwanga: mashimo yawe ya saizi moja, katikati na ukingoni. Shimo moja kubwa likibaki, seriamu haitaliondoa. Baada ya namba 220 usikandamize tena, uzito wa kioo unatosha.

   Kila unapobadilisha namba, osha kila kitu: kioo, kisagio, ubao, vishikizo, beseni, mikono, kucha. Badilisha magazeti, badilisha shati. Chembe moja ya namba 80 ikiingia kwenye hatua ya mikroni 5 inaharibu kazi ya siku nyingi. Kwa maoni yangu hili ndilo somo kubwa kuliko yote ya ufundi huu, na ndilo linalowashinda wenye haraka.

   Kuna kipimo kimoja nakipenda hapa. Osha kioo, kikaushe, kilaze usawa wa jicho ukitafuta taa ya mbali inayorudishwa na uso wake. Ukitazama kwa juu, uso ni mweupe kama maziwa na hauonyeshi kitu. Ukiinamisha hadi macho yakaribie kuwa sambamba na kioo, taa inaanza kuonekana, nyekundu kidogo kwanza, kisha wazi. Kadiri unga unavyokuwa laini, ndivyo taa inavyoonekana bila kuinamisha sana. Likumbuke jambo hili, tutalirudia kwenye eksirei.

7. Mimina pedi ya lami. Yeyusha lami nje, kwenye sigiri yenye makaa machache, taratibu, bila kuichemsha. Moshi wake unashika moto, na wa tapentaini, kimiminika cha kulainishia lami, zaidi. Kama unaongeza tapentaini ili kulainisha, ondoa sufuria motoni kwanza. Dondosha tone kwenye maji ya joto la chumba, liache lipoe, kisha bonyeza kwa ukucha: lenye ugumu sahihi huacha alama polepole. Likipasuka ni gumu mno. Ukucha ukizama mara moja ni laini mno. Ugumu unategemea unapoishi. Lami iliyokaa vizuri Kabale itakuwa laini mno Arua, kwa hiyo jaribu kwa joto la chumba utakachofanyia kazi.

   Mimina unene wa milimita 6 hadi 8 juu ya kisagio kilichooshwa na kupashwa joto kidogo. Ikiwa bado laini, ikandamize kwa kioo kilichopakwa uji wa seriamu. Kisha kwa wembe uliolowa, kata mifereji ya miraba ya milimita 25 hivi, tena kitovu kisiangukie katikati ya mraba. Tumbukiza pedi kwenye maji ya uvuguvugu, rudisha kioo juu yake, weka uzito wa kilo chache, acha hadi kila mraba uguse kioo. Pedi isiyogusa kote haing'arishi kote.

8. Ng'arisha. Paka seriamu, misukumo ya theluthi moja, pole pole, ukizunguka pipa. Utasikia kioo kikivuta, kizito, kama hakitaki kuachana na pedi: hapo ndipo kazi inafanyika. Katikati hung'aa kwanza, ukingo hufuata baadaye sana. Saa tano hadi kumi ni kawaida. Usiamini macho yako kwamba umemaliza. Elekeza kijitaa cha leza kwenye uso. Doa likionekana waziwazi juu ya kioo, mashimo bado yapo. Likififia katikati na ukingoni sawasawa, umefika. Leza isielekezwe kwenye jicho la mtu.

9. Pima kwa wembe. Jaribio hili ni la Mfaransa Léon Foucault, lina zaidi ya miaka 160, na hadi leo hakuna kifaa cha bei hiyo kinachoshindana nalo. Simamisha kioo mwisho wa chumba. Umbali wa milimita 2600 kutoka kwenye kioo, weka LED nyuma ya ufa mwembamba uliotengenezwa kwa nyembe mbili, na kando yake wembe wa tatu unaoweza kusogezwa polepole. Weka jicho nyuma ya wembe huo hadi uone kioo chote kimejaa mwanga, kisha ingiza wembe.

   Kivuli kikiingia upande ule ule unaotokea wembe, uko karibu mno na kioo. Kikitokea upande wa pili, uko mbali mno. Pakiwa sawa kabisa, tufe kamili hugeuka kijivu lote kwa pamoja, bila upande kutangulia. Kasoro zinaonekana kama vilima na mabonde kwenye mwezi, ingawa kina chake ni sehemu ndogo ya mikroni. Weka kidole kwenye kioo kwa nusu dakika, ondoa, tazama tena: uvimbe wa joto la kidole chako utauona, na utauona ukishuka. Kila mwanafunzi aliyeonyeshwa hilo huanza kuosha mikono bila kuambiwa.

   Baada ya kung'arisha, subiri saa nzima kabla ya kupima, kioo kipoe.

10. Jaribu kabla ya kupaka. Kioo kisichopakwa chochote hurudisha kama asilimia 4 tu ya mwanga, na kiasi hicho kinatosha kuutazama mwezi. Utazame kwanza. Upakaji bora ni wa aluminiamu ndani ya mashine ya ombwe, yaani iliyoondolewa hewa. Wapo wanaopaka fedha kwa kemikali, kwa kutumia silva naitreti, amonia na glukosi. Hilo lifanyike maabara, mbele ya mwalimu wa kemia: mchanganyiko wa fedha na amonia ukihifadhiwa unaweza kulipuka, kwa hiyo huchanganywa wa kutumika papo hapo na mabaki hutupwa siku ile ile kwa maelekezo yake.

Na eksirei je?

Rudi kwenye kile kioo cha mikroni 5 ulichokiinamisha mbele ya jicho. Uso ulioshindwa kurudisha taa kwa juu uliirudisha kwa mteremko. Eksirei, ambazo urefu wa wimbi lake ni mfupi kuliko wa mwanga mara mamia hadi maelfu, zikigonga kioo uso kwa uso humezwa au hupenya. Zikigonga kwa mteremko mdogo sana, huruka. Kwa hiyo kioo cha eksirei hakifanani na sahani, kinafanana na bomba lililofinywa kidogo, na miale hugusa ukuta wake wa ndani mara mbili. Umbo hilo alilipendekeza Mjerumani Hans Wolter mwaka 1952: kwanza sehemu ya parabola, kisha sehemu ya haipabola.

Bomba likitazamwa kwa mbele ni pete nyembamba tu, linakamata miale michache. Ndiyo maana mabomba hupachikwa moja ndani ya jingine. Darubini ya angani ya Chandra ya Marekani, iliyorushwa Julai 1999, ina jozi 4 za kioo kinene, kubwa yake kipenyo mita 1.2, zilizopakwa iridiamu na kung'arishwa hadi mikwaruzo iliyobaki ikawa ya kimo cha atomi chache. XMM-Newton ya Ulaya, iliyorushwa Desemba mwaka huo huo, ina mikusanyiko 3 yenye mabomba 58 ya nikeli kila mmoja, yaliyopakwa dhahabu ndani. Hayo hayakung'arishwa moja moja. Kilichong'arishwa ni kiini, yaani nguzo yenye umbo la ndani ya bomba, dhahabu na nikeli vikajengwa juu yake, kisha bomba likachomolewa. NuSTAR, darubini nyingine ya angani ya Marekani ya 2012, ilitumia vioo vyembamba vilivyolainishwa kwenye tanuri hadi vikachukua umbo la kalibu, safu 133 katika kila darubini yake mbili. Kupima nako ni kwingine: kioo chako kinahitaji chumba cha mita 2.6, vioo vya Chandra vilipimwa Huntsville, Alabama, mwishoni mwa bomba la ombwe lenye urefu wa zaidi ya mita 500.

Na wanaodhani haya ni mambo ya mbali wajue kwamba setilaiti ya kwanza duniani iliyojengwa kwa ajili ya eksirei za angani pekee ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Ikapewa jina la Uhuru. Haikuwa na kioo hata kimoja, vihesabio vya eksirei tu; vioo vya kupiga picha kamili vilikuja na setilaiti ya Einstein mwaka 1978.

Mambo yakikwama

*Kioo kimegandana na kisagio.* Usitumie bisibisi wala nyundo. Loweka vyote kwenye maji ya uvuguvugu, kisha sukuma kwa pembeni kwa kipande cha mbao. Hutokea ukiacha unga ukauke vikiwa vimepandana.

*Mkwaruzo mmoja mrefu umetokea kwenye hatua ya mwisho.* Rudi namba moja au mbili nyuma. Ukiwa mwembamba na mmoja tu, uache. Picha haitaharibika kwa huo.

*Ukingo umeporomoka.* Kwenye jaribio la wembe, uzi mwembamba wa mwanga unaozunguka ukingo unakatika upande mmoja. Sababu ni misukumo mirefu, lami laini, au vidole kukandamiza pembeni. Fupisha misukumo, kandamiza pedi upya, mikono iwe katikati ya mgongo wa kioo.

*Kuna shimo au kilima katikati.* Shimo: umekuwa ukisukuma kioo kikiwa juu kwa misukumo mirefu, geuza, pedi juu na kioo chini, misukumo mifupi. Kilima: rudisha kioo juu, ongeza urefu wa msukumo kidogo. Dakika tano kwa wakati, kisha pima. Wanaofanya nusu saa bila kupima huvuka lengo na kuanza kufukuza kasoro ya upande wa pili.

*Kivuli kimekaa mshazari.* Zungusha kioo robo duara kwenye kishikizo kinachokisimamisha wakati wa kupima. Kivuli kikizunguka nacho, kioo kimepinda. Kikibaki palepale, tatizo ni kishikizo. Kioo kilichopinda kirudishe kwenye pedi, weka kipande cha zulia laini chini, na ukigeuze mara nyingi zaidi.

*Lami imekuwa ngumu kama jiwe asubuhi.* Maji ya uvuguvugu, uzito, subira. Usianze kung'arisha hadi uone miraba yote imelowa seriamu sawasawa nyuma ya kioo.

*Kila jioni matokeo ni tofauti ingawa hujagusa kioo.* Hewa ya chumba inacheza. Funga madirisha, ondoa sigiri, usipime chini ya bati lililopigwa na jua mchana kutwa. Pima usiku wa manane au alfajiri, bati likiwa limepoa.